Ukuta wa Elementi: Shajara ya Mradi wa Rangi

Januari, shule imefunguliwa

Mkuu wa shule ametukabidhi ukuta. Ni ule wa barazani, nje ya maabara ya kemia, unaotazamana na kiwanja cha mpira: upana mita 4.6, kimo mita 2.8. Plasta ni nzima, isipokuwa kona moja ya chini iliyoliwa na maji. Sharti lake ni moja tu, kazi iishe kabla ya masika. Hapa Tanga mvua ikishaanza kupiga barazani, rangi mbichi haina maisha.

Tunachotaka kuchora kinafahamika: jedwali la elementi zote 118, kubwa kiasi cha kusomeka na mtoto aliyesimama golini. Kila kisanduku kitakuwa sentimita 22 kwa 22. Safu wima ni 18, kwa hiyo jedwali litachukua mita 3.96 na pembeni patabaki nafasi. Safu mlalo ni saba, na chini yake mistari miwili ya lanthanaidi na aktinaidi. Ufunguo wa rangi nimeutengea mahali pake kabla ya kitu kingine chochote: lile bonde la juu kati ya beriliamu na boroni, ambako jedwali lenyewe limeacha pengo la safu kumi.

Fundi tuliyempata ni mchora mabango wa siku nyingi. Ameandika maduka, daladala na hata mashua. Alipomaliza kupima akauliza swali la kifundi: "Mwalimu, nipe orodha ya rangi. Nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, nikanunue."

Orodha sikumpa, kwa sababu haipo.

Januari, chati tatu mezani

Nimetandaza chati tatu kwenye meza ya maabara. Ya kwanza ni ya karatasi ngumu, imening'inia hapa tangu kabla sijaajiriwa. Ya pili ni ukurasa wa kitabu cha kiada. Ya tatu ni picha niliyoitoa kwenye simu. Kwenye ya kwanza gesi adimu ni zambarau, kwenye ya pili ni buluu, kwenye ya tatu ni manjano. Halojeni ni kijani hapa, chungwa pale, kahawia kule. Metali za mpito, ambazo ndizo nyingi zaidi katikati ya jedwali, zimepakwa pinki kwenye chati mbili na hudhurungi kwenye moja.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wakazizunguka. Mmoja akauliza: "Sasa ipi ndiyo sahihi?" Zote sahihi. IUPAC, umoja wa kimataifa wa wanakemia, ndio unaoidhinisha majina ya elementi, alama zake, uzito wa atomu na namba za safu kuanzia 1 hadi 18. Umekubali hata majina ya baadhi ya familia, kama metali alkali, halojeni na gesi adimu. Rangi haujaziwekea kanuni. Kila mchapishaji anapaka anavyoona inafaa, na wengine, nikisema kweli, wanapaka ili karatasi iuzike.

Mendeleev alipochapisha jedwali lake mwaka 1869 lilikuwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Pamoja na hivyo aliona mpangilio vizuri kiasi cha kuacha nafasi kwa elementi ambazo hakuna aliyekuwa amezipata. Galiamu ikajaza pengo lake mwaka 1875, skandiamu 1879, jerimaniamu 1886. Taarifa yote ilikuwa kwenye *mahali*. Rangi ilikuja baadaye kama msaidizi, na kila msaidizi ana bosi wake.

Mfano mzuri ni jedwali la isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, la hao hao IUPAC. Pale haidrojeni ni pinki na florini ni buluu, lakini usitafute gesi wala familia. Pinki maana yake uzito wa atomu wa elementi hiyo hutolewa kama masafa, kutoka namba fulani hadi namba fulani, kwa sababu mchanganyiko wa isotopu zake hubadilika kulingana na mahali sampuli ilikotoka. Manjano ni elementi yenye isotopu zaidi ya moja lakini isiyotolewa kwa masafa. Buluu ni ile ambayo uzito wake umejengwa juu ya isotopu moja tu, kama florini, sodiamu, alumini, fosforasi na dhahabu. Nyeupe ni zile zisizo na uzito wa atomu uliosanifiwa. Hapo dhahabu na florini, ambazo hazisalimiani katika kemia, zinavaa sare moja.

Nikawauliza wanafunzi: hiyo rangi inajibu swali gani? Kuanzia leo hilo ndilo swali la mradi. Fundi nimempigia simu kumwambia asubiri.

Mwisho wa Januari, maswali yanayogombea ukuta

Mapendekezo yamekuja mengi. Nayaandika kwa ufupi kwa sababu karibu yote ni ya kawaida.

Familia kwa familia: kila safu au kundi rangi yake. Ndiyo inayopendwa na vitabu. Inakula rangi tisa au kumi, na ina kasoro moja kubwa: inarudia kile ambacho safu wima tayari inasema. Ukiwa kwenye safu ya 17 uko kwenye halojeni, hata ukuta ukiwa mweupe pe.

Vitalu vya s, p, d na f: rangi nne, zinazoonyesha elektroni za mwisho zinaingia kwenye obita ipi, yaani chumba kipi ndani ya atomu. Hii ni nzuri kwa kidato cha tano na sita. Kwa mtoto wa kidato cha pili ni kumpa funguo za nyumba asiyoijua.

Metali, simetali, na nusumetali zilizo katikati ya hizo mbili: rangi tatu. Inajibu swali ambalo mwanafunzi analo kichwani kweli: hii inapitisha umeme? Inafulika? Oksidi yake itakuwa besi au asidi?

Hali yake, yaani yabisi, kimiminika au gesi.

Halafu mvulana mmoja, yule anayekaa nyuma na kuuliza maswali ya kuvuruga kipindi, akasema: "Kwa nini tusipake kila elementi rangi yake yenyewe?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Pendekezo hili limenila siku kadhaa.

Februari, rangi zenyewe

Tuseme tunapaka ukweli. Tunaanza na metali, ambazo ni zaidi ya robo tatu ya jedwali. Chuma kijivu. Zinki kijivu chenye kivuli cha buluu. Alumini, bati, nikeli, titaniamu, fedha: kijivu, kijivu, kijivu. Sodiamu ukiikata kwa kisu inang'aa kama fedha, kisha inafifia mbele ya macho yako. Zinazotoka kwenye mstari ni shaba yenye wekundu wake, dhahabu, na siziamu yenye umanjano hafifu. Dhahabu yenyewe ina kisa: kiini chake kina chaji kubwa hadi elektroni za ndani zinakwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga kiasi cha kuhitaji hesabu za Einstein. Viwango vya nishati vinasogea, metali inafyonza mwanga wa buluu, na kinachorudi machoni ni manjano. Bila hilo dhahabu ingefanana na fedha, na sijui mahari zingelipwaje.

Upande wa simetali kuna uhai kidogo. Salfa ni manjano kweli. Klorini ni gesi ya kijani-manjano. Bromini ni kimiminika chekundu cha kahawia, na aidini ni fuwele nyeusi zinazotoa mvuke wa zambarau ukizipasha moto. Yaani halojeni peke yake, familia moja, zina rangi zinazotofautiana kuliko metali zote kwa pamoja. Na hapa ndipo nilipogundua madhara ya chati yetu ya zamani. Nilipowauliza wanafunzi bromini ina rangi gani, zaidi ya mmoja alijibu "kijani", kwa sababu kisanduku chake kwenye chati ni cha kijani. Klorini nao waliipata, ila kwa bahati.

Oksijeni, nitrojeni, haidrojeni na gesi adimu zote hazina rangi. Tungepaka nini, hewa?

Mwingine akaleta sanduku la modeli za molekuli: oksijeni ni mpira mwekundu, nitrojeni buluu, kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, klorini kijani. Akataka ukuta ufuate hivyo. Huo nao ni utaratibu mwingine, tena mkongwe. Mwanakemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann alipohadhiri London mwaka 1865 alijenga molekuli kwa mipira ya mchezo wa kroketi iliyopakwa karibu rangi hizo hizo, na desturi ikashika hadi kwenye programu za kompyuta za leo. Kwa modeli inafaa sana. Kwa jedwali haitoshi, maana imezaliwa kwa ajili ya elementi chache zinazokutana mara kwa mara kwenye molekuli, na 118 haiwezi kuzibeba.

Nimehitimisha hivi: rangi halisi zitakaa kwenye rafu ya maabara, ndani ya chupa, na kwenye mwali wa moto tukifanya jaribio la chumvi. Lithiamu nyekundu, sodiamu manjano, potasiamu urujuani, bariamu kijani, shaba kijani cha buluu. Ukutani hazipandi.

Februari, Jumamosi ya macho

Nilipanga leo tuchague rangi tatu za metali, nusumetali na simetali. Nilikuwa nimeegemea nyekundu, kijani na buluu. Mtunza maabara akanivuta pembeni akaniambia kwamba yeye nyekundu na kijani hazitofautishi vizuri. Miaka yote amekuwa akisoma chupa kwa lebo, na kwenye mtitresho, ule wa kudondoshea asidi kwenye besi hadi rangi ibadilike, huwa anamwomba mwanafunzi amwambie rangi imebadilika lini.

Kijeni upofu wa rangi nyekundu na kijani hubebwa kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wanaume huupata zaidi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ni kama mwanamume mmoja kati ya 12. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini zaidi. Lakini shule yenye mamia ya wavulana haiwezi kukosa baadhi, na wengi wao hawajijui.

Jioni nilirudi kwenye historia, nikakuta jambo lililonifurahisha. John Dalton, huyu huyu tunayemfundisha kidato cha tatu kwa nadharia yake ya atomu, alikuwa na upofu wa rangi. Mwaka 1794 aliwasilisha mbele ya jumuiya ya wasomi wa Manchester maelezo ya jinsi yeye mwenyewe anavyoona. Aliamini maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu, akaagiza akifa wachunguze. Alipofariki 1844 walichunguza, maji yalikuwa safi. Macho yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walisoma DNA yake wakathibitisha kwamba alikosa kipokezi cha mwanga wa kijani. Na alama zake za atomu za mwaka 1808? Miduara. Oksijeni mduara mtupu, haidrojeni mduara wenye nukta, nitrojeni wenye mstari, kaboni mweusi tii. Hakuna rangi hata moja.

Mwingine ni Ferdinand Reich wa Freiberg, Ujerumani. Mwaka 1863 alikuwa akichunguza mawe ya zinki kwa spektroskopu, chombo ambacho kazi yake nzima ni kutazama mistari ya rangi, ilhali yeye hazioni sawasawa. Akamwita msaidizi wake Theodor Richter atazame. Richter akaona mstari wa nili ambao haukuwa wa elementi yoyote iliyojulikana. Ndiyo indiamu, namba 49.

Basi nimeweka sharti jipya: kila kinachosemwa na rangi lazima kisomeke pia bila rangi. Kipimo chetu ni rahisi. Tunapaka vibao vya majaribio, tunavipiga picha kwa simu, tunaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Nyekundu yangu na kijani yangu zimetoka kijivu kimoja, huwezi kuzitenganisha hata ukibembelezwa. Tumeziondoa zote mbili.

Matokeo ya jioni: metali kijivu hafifu, simetali buluu ya kati, nusumetali chungwa. Buluu na chungwa mtunza maabara anazitofautisha bila taabu. Juu ya chungwa tutachora mistari ya mshazari, kwa heshima ya Dalton.

Februari, hesabu ya makopo

Sasa Fundi amepata orodha yake. Kijivu visanduku 84. Buluu 17. Chungwa sita: boroni, silikoni, jerimaniamu, aseniki, antimoni, teluriamu. Nyeupe 11, nitaeleza. Alipoona kijivu 84 alinitazama kama mtu aliyeletewa kazi ya kupaka ghala. Mwalimu mwenzangu wa sanaa naye amesema ukuta utapooza. Mkuu alitarajia kitu cha kupiga picha siku ya mahafali.

Nimeshikilia hapo hapo. Kijivu kinachotawala ndiyo habari yenyewe; mtoto akisimama mbali aone kwamba ulimwengu wa elementi ni wa metali, na kwamba simetali zimejibanza kona ya juu kulia. Chati ya rangi kumi inaificha habari hiyo chini ya mapambo.

Dukani tulijifunza kingine. Ndani ya makopo kuna jedwali tupu. Nyeupe ni oksidi ya titaniamu. Nyeusi ni kaboni, yaani masizi. Kwa hiyo kijivu chetu cha metali ni oksidi ya metali iliyochanganywa na simetali. Buluu inayouzwa sana leo, ile inayostahimili jua, ina atomu ya shaba katikati ya molekuli yake. Tutapaka simetali kwa kitu chenye metali ndani. Yule mvulana wa nyuma akaona hilo kabla sijalisema. Kijani cha aina hiyo ni molekuli hiyo hiyo iliyoongezewa klorini. Nyekundu ya matofali ni oksidi ya chuma, kutu kwa jina la mtaani, na ndiyo maana haipauki.

Kwenye manjano na chungwa nilisimama kidogo. Rangi za mafuta za aina hizo zimewahi kutengenezwa kwa kromati ya risasi, na baadhi bado zinatengenezwa hivyo. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto, na kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Huu ni ukuta ambao watoto watauegemea, wataupapasa, watakula maembe wameuegemea. Tumechukua rangi ya maji iliyoandikwa wazi kwenye kopo kuwa haina risasi. Fundi anasema haing'ai kama ya mafuta na jua la alasiri litaila haraka. Sawa. Ni visanduku sita, na ikipauka mistari ya mshazari itabaki.

Februari, joto la kaskazi

Swali la hali ya elementi limerudi, na safari hii limeshinda, ila si kwenye mandhari ya kisanduku. Litakaa kwenye herufi. Yabisi: herufi nyeusi iliyojaa. Gesi: herufi ya mstari wa nje tu, ndani tupu. Kimiminika: herufi iliyojaa na wimbi chini yake. Kwa kanuni hii gesi ni 11: haidrojeni, nitrojeni, oksijeni, florini, klorini na gesi adimu sita hadi radoni. Vimiminika ni viwili, bromini na zebaki.

Hapo darasa likagawanyika. Chati zinahesabu hali kwa nyuzijoto 25. Hewa ya maabara yetu alasiri ya leo, madirisha wazi, ilisoma 32. Siziamu huyeyuka kwenye 28.5 na galiamu kwenye 29.8. Yaani hapa, saa nane mchana, kaskazi ikivuma, vimiminika ni vinne. Msichana mmoja akasema kwa uhakika wote: "Chati imechorwa kwao, sisi tuchore yetu."

Nimependa hoja hiyo kuliko nilivyotakiwa kuipenda. Lakini mtihani hautafanyiwa kwenye joto la Tanga, na ukuta unaobadilika asubuhi na mchana hauna faida. Tumekubaliana: galiamu na siziamu zibaki yabisi, kila moja na wimbi la vitone chini yake, na kwenye ufunguo tuandike "kimiminika mchana wa joto". Sijaona chati nyingine yenye mstari huo.

Machi, uzi na chaki

Kona mbovu imezibwa, ukuta umepigwa msasa, mkono wa kwanza wa nyeupe umekauka. Fundi amevuta uzi wenye unga wa chaki, visanduku vyote vimenyooka. Anapaka kijivu kwanza, wanafunzi wanamfuata na tepu ya karatasi.

Visanduku vigumu vimejitokeza vyenyewe, kwa sababu brashi haikubali "inategemea".

Haidrojeni imekaa juu ya lithiamu, kwenye safu ya metali alkali, na chati nyingi huipa rangi yake ya peke yake kana kwamba ni mgeni. Kwa swali letu haina utata: ni simetali, ni gesi. Buluu, herufi tupu. Kimekuwa kisanduku cha buluu upande wa kushoto kabisa, na kila anayepita anauliza kimefikaje huko. Vizuri, aulize.

Zinki. Kama tungepaka familia tungelazimika kuamua kama ni metali ya mpito. Maelezo ya IUPAC yanataka obita za d ambazo hazijajaa, kwenye atomu au kwenye ayoni yake (atomu iliyopoteza elektroni), na za zinki zimejaa kote kuwili. Bado chati chungu nzima zinaipaka sawa na chuma na shaba. Sisi tumeokoka, kwetu ni kijivu tu.

Safu ya 3, chini ya itriamu: tuweke lanthanamu au lutetiamu? Wanakemia wamebishana miaka mingi, na kikosi cha IUPAC mwaka 2021 kilitoa ripoti ya muda iliyoelekea lutetiamu. Tumeifuata. Wote wawili ni kijivu, Fundi hajui kama kulikuwa na ugomvi.

Nyeupe 11 sasa. Elementi za 109 hadi 118 zimetengenezwa atomu chache chache, nyingi zinadumu muda mfupi mno. Nne za mwisho kupewa majina, mwaka 2016, ni nihoniamu, moskoviamu, tenesini na oganesoni. Oganesoni imeangukia kwenye safu ya gesi adimu, na chati zinaipaka rangi ya gesi adimu bila kusita, wakati hesabu za wataalamu zinaelekeza kwamba huenda ni yabisi. Kisanduku cha 11 ni astatini, namba 85, ambayo haijawahi kukusanywa kiasi cha kuonekana kwa macho. Nyeupe kwenye ufunguo wetu inasomeka "haijathibitishwa". Mkaguzi mmoja wa ndani alidhani rangi imetuishia.

Majina yanaandikwa kama yalivyo kwenye mtihani, na chini yake Kiswahili kwa zile zilizo na jina la nyumbani: chuma, shaba, dhahabu, fedha, risasi, bati, zebaki. Majina ya familia yameandikwa juu ya safu zake kwa herufi za kawaida. Hayakuhitaji rangi.

Machi, mjadala wa nukta

Walimu wa jiografia wamependekeza nukta ya kijani kwa kila elementi inayopatikana Tanzania kwa kiasi cha kuchimbwa: dhahabu ya Geita, nikeli ya Kabanga, niobiamu ya Panda Hill kule Mbeya, grafiti ya Mahenge, heliamu ya bonde la Rukwa iliyotangazwa 2016. Na vanadiamu, ambayo ndiyo inayoipa tanzanaiti buluu yake. Hoja ni tamu, na ina ndugu zake duniani. Mwaka 2019, mwaka wa kimataifa wa jedwali la elementi, jumuiya ya kemia ya Ulaya, EuChemS, ilitoa jedwali ambalo rangi zake ni upatikanaji: kijani ni tele, nyekundu ni zilizo hatarini ndani ya miaka 100, na heliamu iko kwenye nyekundu. Bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu zina alama ya madini ya migogoro, jambo ambalo ndugu zetu wa Kivu hawahitaji chati kuelezwa. Mtaalamu wa nyota Jennifer Johnson wa Marekani naye ana jedwali ambalo rangi zinaonyesha elementi ilipikwa wapi: mlipuko mkuu wa mwanzo, nyota zinazokufa, nyota za nyutroni zinazogongana.

Nimekataa nukta. Ukuta wetu tayari una maswali mawili, moja kwenye mandhari na moja kwenye herufi, na la tatu liko njiani: alama ndogo ya mionzi kwenye pembe ya visanduku 37, yaani teknetiamu, promethiamu, na zote kuanzia poloniamu. Bismathi tumeiacha ingawa mwaka 2003 ilithibitika kuwa nayo huoza. Nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, inapita umri wa ulimwengu zaidi ya mara bilioni moja. Swali la nne lingetaka macho ya kinyonga.

Jiografia wana ukuta wao upande wa maktaba. Nimewaahidi vipimo, uzi na Fundi.

Machi, wiki hii

Visanduku vyote vimepakwa mkono wa pili. Herufi zimefika kwenye safu mlalo ya sita. Picha ya nyeusi na nyeupe tuliyopiga jana kutoka golini inasomeka: kijivu, buluu na chungwa vimetengana, mistari ya mshazari inaonekana. Mtunza maabara ameusoma ukuta mwenyewe, kisanduku kwa kisanduku, akakamata selenamu iliyokuwa inaelekea kupewa mistari.

Kilichobaki ni safu ya saba, alama za mionzi, ufunguo, na vanishi ya maji mikono miwili. Fundi anaomba ufunguo uwe wa mwisho ili herufi zake zisichafuliwe. Mimi nimemwomba auandike kesho, kabla ya safu ya saba, maana mawingu ya kusini yameanza kukaa na mvua ikituwahi ni afadhali ukose livamoriamu kuliko ufunguo.